Kete Mbili Shimo Moja

Ukiambiwa una ukoma, jambo la kwanza utakaloliona, kabla hata ya vidonge, ni kwamba watu wanakuwa na adabu. Wanakupisha njiani. Wanakuamkia mara mbili. Mimi sijawahi kuheshimiwa maishani kama mwaka ule, na heshima ya namna hiyo simwombei hata adui yangu. Nayaandika haya sasa, kidonda cha mwisho kimefunga na daktari ameniambia niende nyumbani nikaishi, kwa sababu najua yupo mtu mahali fulani amekaa kwenye benchi la hospitali huku ameuficha mkono mfukoni. Sitamweleza ugonjwa wenyewe, hayo ataelezwa na wenye kuyajua. Nataka kumweleza uchovu, na bao.

Kwetu ni juu, kwenye miteremko ya Uluguru, mahali ambapo ukitaka kwenda kwa jirani ama unapanda ama unashuka. Nilikuwa nalima kabichi na karoti na kuzishusha mjini Morogoro. Siku niliyojua kwamba nina ugonjwa yalikuwa majira ya mahindi mabichi. Tulikuwa jikoni mimi na mke wangu Theodora. Mimi nachoma hindi kwenye mafiga na kulalamika kwamba gari la ushirika halijapanda mlimani wiki nzima na kabichi zinaoza.

"Nani anachoma nyama?" Theodora akauliza.

Nyama hatukuwa nayo, wala jirani hakuwa nayo. Kilichokuwa kikiungua ni kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimelalia kaa la moto, na mimi naendelea kulalamikia gari. Theodora aliushika mkono wangu akautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Alinitazama usoni akingoja nipige kelele. Sikupiga, maana sikuwa na sababu. Hapo ndipo sote wawili tulipoogopa.

Tuliteremka mjini juu ya kabichi, gari lilipokuja hatimaye. Hospitalini walituelekeza nyuma, kwenye chumba kilichokuwa na benchi lake peke yake. Watu walikiita kliniki ya ngozi, kwa sauti ya chini. Nililifahamu sana benchi lile baadaye, kuliko ninavyofahamu kitanda changu. Kila aliyekaa pale alikuwa anaficha kitu. Mmoja alikuwa amefunika mguu kwa khanga ya mkewe. Mwingine, kijana wa mgambo, alivaa koti zito kwenye joto la mjini, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anaumwa nini. Tulizungumza mvua, tukazungumza sukari iliyoadimika, kisha tukairudia mvua.

Muuguzi aliniambia nifumbe macho. Angenigusa kwa pamba, nami nionyeshe aliponigusa. Bega nilionyesha. Mkono juu ya kiwiko nilionyesha. Kisha akakaa kimya, nikamngoja aendelee. Nilingoja sana mpaka nikadhani ameitwa nje. Nilipofumbua macho nikamkuta bado ameinama mbele yangu, pamba inatembea kwenye kiganja changu, inakwenda na kurudi. Alinipapasa bega, mahali ambapo nilikuwa bado nasikia, na mpaka leo namshukuru kwa kuchagua mahali pale.

Nikapewa vidonge vyeupe, na neno ambalo lilinichosha kabla sijavimeza: miaka. Si wiki, si masika moja. Kila mwezi niteremke, nikae benchini, nichukue vidonge, nipande.

Kwetu Waluguru ardhi na watoto ni vya upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mjomba wangu alikuja kabla hata vidonge vya mwezi wa kwanza havijaisha. Alikaa, akanywa uji, akasifu migomba. Akafika alikokuwa anakwenda.

"Tumefikiri tukujengee kibanda kule juu, kwenye mgomba wa mwisho," akasema. "Si kukutenga, mpwa wangu. Ni kukupumzisha."

Mimi nilitazama chini. Theodora ndiye aliyejibu, akiwa amepiga goti kama inavyotakiwa.

"Shikamoo tena, mjomba. Kibanda hicho mkikijenga, mkijenge cha watu wawili."

Mjomba alimaliza uji wake na kibanda hakikujengwa. Lakini yale maneno Theodora aliyalipia. Dada zake waliacha kuja kuazima kinu. Kule kisimani walimwachia ateke maji kwanza, halafu wakamwaga ya juu kabla ya kuteka ya kwao. Alikuwa akirudi na ndoo, anaitua, anakaa kizingitini. Nilikuwa namwona na sina cha kumpa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kila nyumba ilikuwa na zamu kwenye shamba la kijiji. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja akaniambia zamu yangu imefutwa, nipumzike. Mwaka mmoja kabla ningemchinjia jogoo kwa habari ile, maana hakuna aliyeipenda sana zamu yake. Sasa nilikaa nyumbani nikiwasikia wenzangu wakishuka na majembe wakitaniana. Dukani ilikuwa hivyo hivyo. Sabuni ilikuwa imeadimika. Ikija, foleni inafika barabarani, watu wanasukumana na kulaumiana. Mimi nikitokea, foleni inafunguka yenyewe. Theodora alianza kunituma kusudi. "Nenda wewe," anasema, "wewe ndiye mwenye barua ya mkubwa." Tulicheka siku hiyo. Tulikuwa na sabuni nyingi kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Lakini nilisema nitaeleza bao. Mimi nilikuwa mcheza bao, na simaanishi mtu wa kupitisha muda. Bao ni vita. Kete ni askari, na mkononi mwako unawapanga, unawatoa kafara, unaingia kwa mwenzako unateka na kurudi na mateka wake. Nilikuwa na bao langu nililolichonga mwenyewe kwa mti wa mninga, na kila jioni isiyo na mvua nililibeba mpaka kwenye baraza la duka la kijiji. Mchezaji wa bao husambaza kete bila kuzitazama. Macho yako yako mbele, yanahesabu mashimo ya adui, na vidole vinadondosha moja, moja, moja, vyenyewe. Vidole vyangu viwili vilikuwa vimekufa ganzi na vimeanza kujikunja. Nikaliacha bao. Theodora akaligeuza chombo cha kuanikia pilipili.

Mpinzani wangu mkubwa alikuwa Shomari, na Shomari alikuwa mtani wangu. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Mtani kazi yake ni kukutukana. Anakuja msibani kwako akiwa amevaa nguo ndani nje, anaiga kilio cha shangazi yako, anaingia kaburini kabla ya jeneza na kusema hatoki mpaka apewe kuku. Huruhusiwi kukasirika. Na ndiye atakayekuosha na kukuzika, kwa hiyo anayo haki. Shomari lakini alikuwa ameondoka kabla ya ugonjwa wangu, amekwenda Turiani kukata miwa.

Vuli ile alifariki mama mdogo wangu. Watani wakaja, ndugu zake Shomari. Walifanya yao yote. Mjomba alimwagiwa majivu kichwani. Kaka yangu aliambiwa ana sura ya nyani aliyenyimwa mahindi. Walikuwa wakipita mstari mzima wa wafiwa, kila mtu na tusi lake, na watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka kama desturi inavyotaka. Nikajiweka tayari. Kijana wao aliponifikia mimi, alisimama. Alishusha macho.

"Shikamoo baba," akasema. "Pole sana."

Akapita. Akamtukana aliyekaa baada yangu.

Wewe usiye na watani huenda usinielewe. Mimi nilijua pale pale kwamba kwa watu wale nimekwisha kufa, tena kifo ambacho hata mtani hataki kukizika. Tangu siku ile sikutaka tena kupona, kwa kweli, kama kupona ni kidonda kukauka. Nilitaka mtu mmoja anitukane.

Masika yalipoingia mkono ulivimba. Kiwiko kiliuma maumivu ambayo sitayaeleza, nami niliyekuwa nikililia vidole visivyosikia nikapata mahali panaposikia kupita kiasi. Nililazwa. Mvua ilinyesha juu ya mabati ya wodi masika yote, mkono wangu umefungwa kwenye kibao. Mwili ulikonda, uso ukavimba, nyusi zikapungua mpaka Theodora alipokuja kunitazama akanipita kitandani akaenda mbele. Alirudi, akakaa, akaomba radhi. Nilimwambia hata mimi ningepita.

Huruma ndogo zilikuwepo, nazo ni lazima nizitaje. Jirani yangu wa wodi ya kina mama, mwanamke wa Gairo, alikuwa akiletewa karanga na ndugu zake. Mchana mvua ikikatika tulikutana ukumbini. Alichora mashimo ya bao sakafuni kwa mkaa, karanga zikawa kete. Yeye vidole havikuwepo tena, basi alichota jeshi lake kwa kijiko na kulitikisa, karanga moja moja inaanguka, polepole kama mtu anayepima dawa. Sheria yake ilikuwa moja: anayeshinda anakula askari wote, wake na wa mwenzake. Alikula sana yule mama. Mimi nilikuwa nachezea mkono wa kushoto na mawazo yangu yalikuwa nyumbani.

Niliruhusiwa wakati wa kipupwe, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa za mji. Mkono ulikuwa umetulia. Vidole viwili vilibaki vimejikunja na vingine vitatu vinafanya kazi, ingawa kusikia vilikuwa vinasikia nusu nusu. Daktari alisema sasa simwambukizi mtu. Kila jioni niloweke mikono, niipake mafuta, niitazame kama ina jeraha. Ikawa kazi ya Theodora. Alikuwa akiikagua kwenye mwanga wa mlango kama anayechambua mchele, na alikuta mambo: mwiba, lengelenge, mkato wa panga ambao sikujua nimeupata. Jioni moja aliiachia mikono yangu ghafla.

"Nimechoka, Klementi," akasema. "Nimechoka kuwa ngozi yako."

Alikuwa amesema kweli, na mimi pia nilikuwa nimemchoka yule aliyekuwa akikaguliwa. Aliingia ndani, akatoka na bao. Alimwaga pilipili kwenye ungo, akalifuta bao kwa khanga, akaliweka mapajani mwangu.

"Nenda kacheze. Nenda ukachoshe watu wengine."

Basi nikaenda. Barazani walikuwepo wale wale, na Mikaeli, msimamizi wa duka, ndiye aliyekuwa akicheza. Mikaeli ni mtu mpole wa ukoo wetu, tumekua pamoja. Waliponiona wote walisimama. Nikapewa kigoda kizuri. Mikaeli alikaa mbele yangu, mikono yake kwenye magoti, na akaniambia nianze mimi.

Shimo la tatu au la nne nikaona kwa pembe ya jicho kwamba kete zimedondoka mbili pamoja. Moja ilikuwa imenata kwenye kile kidole kilichojikunja, ikamfuata mwenzake. Kwenye bao, hilo si jambo dogo. Kete mbili shimo moja, hesabu yote inahama, unafikia mahali usipostahili kufika. Watu wamewahi kupigana makonde kwa ajili ya hilo barazani pale, wengine wakiwa ndugu. Nilisimamisha mkono nikawatazama. Wote waliona. Mikaeli aliona zaidi ya wote, maana lilikuwa jeshi lake linaloliwa. Akaangalia mlimani.

"Cheza tu, kaka," akasema. "Cheza tu."

Nilishinda. Tukacheza tena nikashinda tena. Mtu mwingine alikaa, naye nikamfunga, na kila mara kete zangu zilianguka zilivyotaka, na kila mara watu walitazama mlimani. Wakanisifu. Nilibeba bao langu nikapanda nyumbani, na mlima ule sijawahi kuuona mrefu vile. Nikamwambia Theodora nimeshinda. Nikalala na viatu. Sikurudi tena barazani.

Shomari alitokea msimu wa kuvuna maharage. Alikuwa amepewa likizo kule kwenye miwa, amekuja kumwona mama yake, na kabla hajatua mzigo walikwisha kumpa habari zangu. Tulikuwa tunakula mchana. Tulimsikia kabla hatujamwona.

"Hodi! Hodi wenye nyumba! Nasikia hapa kuna maiti inayokula ugali!"

Theodora alishtuka, mwiko ukamdondoka. Shomari aliingia, mweusi kwa jua la mashambani, ameokota ufito uani. Hakunipa mkono wala hakuniamkia. Aliuweka ule ufito kisogoni kwangu akanipima mpaka miguuni, akakata alama kwa kucha.

"Amepungua huyu," akamwambia Theodora. "Vizuri. Kaburi lake halitatutoa jasho."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimesahau inavyofanywa. "Huko Turiani," nikasema, nikaishia hapo, nikaanza tena, "huko Turiani walikupa miwa ya kukata au ya kutafuna? Mbona meno yote yamebaki huko?"

"Hilo! Maiti imesema!" Akavuta kigoda, akakaa goti kwa goti na mimi, akaunyakua mkono wangu wa kulia. Aliugeuza huku na huku. Alivivuta vile vidole viwili, akaviachia, vikarudi kujikunja.

"Mkono wenyewe ndio huu? Uliokuondoa shamba la kijiji? Niambie unapatikana duka gani, na mimi uniondoe kwenye miwa." Akamgeukia mke wangu. "Shemeji, lete bao. Nimfunge huyu kabla hajazikwa, nisije nikadaiwa na mizimu yao."

Tukacheza pale pale jikoni, mlango wazi. Mwanzoni nilikwenda vizuri. Kisha nikachota kete za kutosha kufika kwenye nyumba yake, lile shimo lake kubwa, nikasambaza, na mkono wake ukanishika kifundo.

"Simama hapo hapo. Umetia mbili."

"Kidole hakisikii, Shomari."

"Sikukiuliza kidole, nakuuliza wewe. Macho nayo yana ganzi?" Akageukia mlangoni akapaza sauti mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. "Jamani! Njooni muone! Mjomba mwizi, mpwa mwizi, ukoo mzima wa wezi! Mgonjwa anaiba kete mchana kweupe!"

Niliwaka. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimechoka mno hata kukasirika, sasa hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nilisimama nikamwambia kwamba baba yake alicheza bao na mbuzi na mbuzi akashinda. Nikamwambia ukoo wao wote hauna mtu mmoja ajuaye kuhesabu kupita idadi ya vidole, na mimi mwenye vitatu nawashinda. Maneno yalikuja yenyewe. Theodora alikimbilia nyuma ya nyumba amejiziba uso kwa khanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na ni mimi niliyelia, nikiwa nimesimama, natukana, machozi yananitoka.

Shomari alingoja nimalize. "Umemaliza? Kaa. Rudisha kete."

Nikazirudisha zote. Nikaanza upya, na sasa kwa namna ambayo ndiyo nachezea mpaka leo: jeshi lote kwenye kiganja cha kushoto, na vidole vitatu vya kulia vinachukua askari mmoja mmoja huku navitazama. Ni kazi ya polepole. Shomari alipiga miayo, aliuliza kama masika yamekwisha ingia, alisema nywele zake zimeanza mvi tangu nichote. Lakini hakunisaidia hata kete moja. Nilipokosea tena alipiga kelele tena. Nilipopatia aliguna. Alinila nyumba, akaniteketeza safu ya mbele yote, akanifunga vibaya. Kisha akaondoka bila kuaga, na mimi nikawa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipoambiwa ule ugonjwa.

Alirudi Turiani maharage yalipokwisha anikwa. Siku ile ile alipoondoka nililibeba bao nikateremka barazani. Wakasimama, wakanipa kigoda kizuri, Mikaeli akakaa mbele yangu mikono magotini. Nikamwaga kete kwenye kiganja cha kushoto nikaanza kuzidondosha moja moja. Nilikuwa na haraka kwa sababu ya macho yao, na kwenye shimo la tano kidole kikanisaliti.

Mtu mmoja akatazama mlimani. Mimi sikutazama mlimani, nilimtazama Mikaeli kama mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu. Mikaeli alikohoa. Akajifuta mdomo.

"Klementi," akasema. "Umetia mbili."

"Wapi?"

"La tano hilo. Umetia mbili. Rudisha."

Nikarudisha. Mchana ule nilifungwa na Mikaeli, nikafungwa na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo alinilaumu kwa kuchelewesha mchezo. Niliupanda mlima bao kichwani, nikimtukana kila mtani niliyekutana naye njiani, nao wakanijibu.